Siku mbili Hyderabad, India: zipange hivi

Nenda kati ya Novemba na Februari; Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40. Ukitokea Kenya au Uganda, chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo unaweza kuwekwa karantini.

Charminar, jengo la minara minne la mwaka 1591, liwahi asubuhi kabla soko la Laad Bazaar halijafurika. Makumbusho ya Salar Jung hufungwa Ijumaa; wengi hunaswa hapo.

Ngome ya Golconda ingia saa nane mchana, umevaa raba: ngazi ni mamia. Simama chini ya kuba la lango la Fateh Darwaza upige makofi. Aliye kwenye kilele cha ngome, Bala Hissar, atayasikia. Jioni pitia AC Guards, mtaa wenye jina la walinzi (African Cavalry Guards) wa Nizam, mtawala wa zamani wa Hyderabad; walinzi hao walikuwa na asili ya Afrika.