Komeo la ndani na zoezi la kujifungia darasani

Katika skuli ya Sandy Hook, Marekani, mwaka 2012, mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima 6. Tume iliyoundwa baadaye ilisisitiza milango ya madarasa ifungike kwa ndani.

Kama skuli yenu, Wete au Mkoani, ina komeo la nje tu, fundi atie la ndani, usawa wa kifua cha mwalimu. Kufuli msitie: moto ukizuka na ufunguo haupo, watoto wamenaswa.

Zoezini, mwalimu afunge, awakalishe mbali na mlango na madirisha, azime milio ya simu, ahesabu kwa rejesta. Dakika 5 zatosha. Wazazi na watoto waambiwe kabla. Tafadhalini, msiigize milio ya risasi; inatia hofu, haifundishi.