Mzazi akizeeka, rekebisha njia ya kutoka kitandani hadi chooni

Watu huniita nikamjengee mzazi chumba kipya. Nikifika, mara nyingi naona inatosha mifuko michache ya saruji, mzee abaki kwenye nyumba anayoijua hata gizani. Kumhamishia ghorofani kwa mwanawe mjini kuwe shauri la mwisho, na aulizwe mwenyewe.

Hatua ya 1: Mfuate usiku
Mwombe mama aende chooni kama kawaida yake, wewe nyuma na chaki. Anaposhika ukuta, weka alama. Anapoinua mguu, weka alama. Utashangaa kizingiti cha mlango wa uani kinavyomsumbua, na mchana hajawahi kukutajia. Kivunje.

Hatua ya 2: Choo
Hapa usibane hela. Choo cha kuchuchumaa kinamtesa mwenye magoti mabovu. Kama cha kukaa hakiwezekani, seremala atachonga kiti cha mbao chenye tundu, kikae juu ya shimo. Vipimo vinavyotumika sana ni kimo cha sentimita 43 hadi 48, lakini mpime yeye: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Bibi mfupi akikaa miguu inaning'inia, umemkosea.

Pembeni funga bomba la inchi moja la kushikia, sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, liachane na ukuta sentimita 4 ili vidole vipite. Boliti ziingie kwenye tofali lenyewe. Mimi niliwahi kutumia skrubu fupi zilizoishia kwenye plasta. Mzee alivuta mara moja, bomba likabaki mkononi mwake. Bahati alikuwa bado amekaa. Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhi kazi naning'inia mwenyewe kwa uzito wangu wote.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake huuziba mlango unaofunguka kwa ndani, mtabaki mnasukuma huku yeye analia.

Sakafu ya niru inapendeza ikiwa kavu tu. Ikiwa na maji na sabuni ni barafu. Iparuze, piga lipu mpya, kisha ichore kwa ufagio kabla haijakauka.

Hatua ya 3: Taa
Swichi moja iwe anapoifikia akiwa amelala. Umeme wenyewe ndio huu wetu, basi ongeza taa ya sola kwenye ujia.

Hatua ya 4: Mteremko wa mlangoni
Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili zenye jumla ya sentimita 30 zinahitaji mteremko wa mita 3.6. Wateja hulalamika kwamba unakula uwanja. Ukiufupisha, kiti cha magurudumu kitamshinda anayesukuma. Upana usipungue mita 1, weka kingo pande zote mbili, na uso wake uuchore kwa ufagio pia.

Zege umwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku hizo mama atumie mlango wa uani, ambao kizingiti chake umeshakivunja.