Somo: Kupunguza kuongezewa damu kwa kichanga anayepasuliwa fuvu

Chukua kichanga wa kilo 6 ambaye mishono ya fuvu (maungio ya mifupa yake) imefunga mapema. Damu yake yote, kwa mililita 80 kila kilo, ni mililita 480. Haijazi chupa ya maji ya nusu lita. Mchangiaji mtu mzima hutoa karibu kiasi hicho, akanywa soda, akarudi kazini. Na ngozi ya kichwa ikichanwa inavuja kweli kweli. Kwa hiyo kazi inaanza wiki kadhaa kabla ya kisu.

Hatua ya 1: Jaza akiba. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 wingi wa damu (himoglobini, gramu kwa kila desilita) hushuka wenyewe, hata kwa mtoto asiye na tatizo. Piga hesabu hivi: wingi wa kuanzia, toa kiwango cha chini mnachokubali, gawanya kwa wingi wa kuanzia, zidisha kwa damu yote. Akiingia na gramu 11 mkakubali ishuke hadi 8, anaweza kupoteza mililita 131. Akiingia na 13, ni 185. Hizo 54 za ziada zinatoka kwenye matone ya madini chuma na, penye uwezo, sindano za erithropoietini (homoni inayouhimiza mwili utengeneze chembe nyekundu). Sindano ni ghali. Matone hayana kisingizio.

Hatua ya 2: Maabara wapunguze damu wanayochota. Mililita 5 mara tatu ni asilimia 3 ya damu yake. Tumieni vichupa vidogo vya sampuli za watoto.

Hatua ya 3: Asidi ya traneksamiki kabla ya kuchana. Dawa hii, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe, huzuia bonge lililokwisha ganda lisiyeyuke. Dozi inayotumika sana ni miligramu 10 kwa kilo taratibu kwa dakika 15, kisha 5 kwa kilo kila saa. Msizidishe, dozi kubwa huleta degedege.

Hatua ya 4: Mezani. Chomeni lidokaini (dawa ya ganzi) yenye adrenalini, inayobana mishipa ya damu, chini ya ngozi, halafu msubiri ifanye kazi (hapa ndipo wengi tunakosa subira). Mfupa unaovuja upakwe nta. Kichwa kiinuke kidogo tu, maana kikiinuka mno hewa huweza kunyonywa mishipani. Mtoto asipoe: damu ya mtoto aliyepoa haigandi vizuri.

Hatua ya 5: Pima shashi. Mizani ndogo inatosha. Shashi kavu gramu 6, ikilowa 21: mililita 15 zimekwenda. Kwa macho ungesema "kidogo tu". Nesi ataje jumla kwa sauti, na maji ya kuoshea yatolewe kwenye hesabu ya chupa ya mashine inayonyonya damu. Damu iliyojificha chini ya shuka ndiyo inayotuponza.

Hatua ya 6: Ikibidi kuongeza, chupa moja igawanywe mifuko midogo, ili mtoto akutane na mchangiaji mmoja tu.

Maswali ya wanachama

*Daktari, mimi ni baba yake, kundi letu moja. Si nimpe yangu?*
Changia, baba, ila iingie benki ya damu. Chembe nyeupe za ndugu wa karibu zinafanana na zake, kwa hiyo mwili wake unaweza kushindwa kuzikataa, zikaanza kumshambulia. Ni nadra, lakini likitokea karibu kila mara huua. Damu ya ndugu lazima ipigwe mionzi kwanza.

*Tuongeze ikifika ngapi?*
Kwa mtoto aliyetulia, gramu 7. Anayevuja mbele yako usimngojee namba: tazama mapigo na presha. Damu iwe tayari chumbani siku zote.

*Shikamoo dokta. Wangu ana miezi 7, kichwa kirefu kama mtumbwi. Upasuaji ule wa kamera anafaa?*
Marahaba mama. Ule wa tundu dogo humwaga damu kidogo zaidi, lakini hufanywa zaidi kabla ya miezi minne hivi, mfupa ukiwa bado laini, kisha mtoto huvaa kofia maalumu kwa miezi kadhaa. Wako huenda akahitaji wa wazi. Anza na kipimo cha damu wiki hii.