Jinsi ya kukausha zabibu za Amarone bila kuzipoteza kwa ukungu

Septemba iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kufanya kazi ya msimu hapa Valpolicella, kwenye vilima vya kaskazini mwa Verona, Italia, tunakotengeneza Amarone, mvinyo mwekundu wa zabibu zilizokaushwa. Siku ya tatu, mikono imeshakufa ganzi kwa kubeba kreti, akaniuliza: "Shangazi, zabibu zimeiva vizuri hivi, mbona tunaziacha zinyauke?" Niliyomweleza jioni ile ndiyo haya, kwa yeyote anayekuja kuianza kazi hii.

Hatua ya 1: Zijue zabibu zako

Amarone della Valpolicella ilipata DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, mwaka 2010, na kanuni zake zinataka zabibu aina ya Corvina kati ya asilimia 45 na 95, na aina ya Rondinella kati ya 5 na 30. Sehemu ya Corvina unaweza kuijazia aina nyingine, Corvinone. Molinara, ambayo zamani ilikuwa ya lazima, siku hizi ni hiari. Ningekuwa na shamba langu ningepanda Corvinone kwa wingi: punje zake ni kubwa na zimeachana, hewa inapita.

Hatua ya 2: Chuma

Kwa mkono, siku kavu. Usichume kilicholowa umande. Inua kichala kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya punje, kinafaa kukaushwa. Kilichobanana kiende kwenye Valpolicella ya kawaida, mvinyo wa zabibu zisizokaushwa. Wala usione hasara, kwa sababu hata kanuni haziruhusu kukausha shamba zima: mwisho ni tani 12 kwa hekta, na kati ya hizo asilimia 65 tu ndizo ziende ghalani.

Hatua ya 3: Panga

Tabaka moja, vichala visilaliane. Zamani walitandaza zabibu kwenye arele, vitanda vya matete ambavyo pia walifugia viwavi wa hariri. Wazee wa vijiji vya Fumane na Marano bado wanavipenda, na ni kweli vinapendeza macho. Mimi sivitaki. Matete yananywa maji na kuficha vimelea vya mwaka jana. Chukua kreti ya plastiki yenye matundu, inayobeba kilo kama sita, uioshe na uianike juani kabla ya kuitumia.

Hatua ya 4: Kausha

Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo nivumilie.

Ghala la kukaushia linaitwa fruttaio. Zabibu zinakaa humo miezi mitatu hadi minne. Mitambo ya kupunguza unyevu inaruhusiwa, ila ile inayotumia joto imepigwa marufuku. Ina maana silaha yako ni hewa: madirisha, feni na akili.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye shamba moja ambalo sitalitaja, niliachiwa zamu ya usiku mwezi wa kumi. Mchana kulikuwa na jua, nikaacha madirisha yote wazi nikaenda kulala. Usiku ukungu ukapanda kutoka bonde la mto Adige. Asubuhi kreti zilikuwa zinang'aa kwa maji. Siku ya tatu nikasikia harufu ya gunia lililolowa. Tulikaa mchana na usiku na mikasi, tukikata punje moja moja, na zile kreti zilizogusa ukuta karibu zote tulizitupa.

Kiswahili kinauita kwa jina moja ukungu wa angani na ukungu wa kwenye chakula. Ndani ya fruttaio ni ndugu kweli: wa kwanza akiingia usiku, wa pili yuko njiani.

Tangu hapo nafanya hivi. Kreti haigusi ukuta. Naacha nafasi ya mtu kupita akiwa amebeba taa. Kipima unyevu nakiweka katikati ya rundo, kreti ya tatu kutoka chini, kwa sababu kilichotundikwa mlangoni kinakusomea hewa ya mlangoni. Dirisha nafungua kwa kulinganisha namba ya ndani na ya nje. Saa haina neno hapo. Kama nje kuna unyevu kuliko ndani, funga, hata kama jua linawaka. Feni zisielekezwe kwenye rundo moja. Zizungushe hewa ya chumba kizima, la sivyo upande mmoja utakauka ganda huku mwingine ukitoa jasho.

Wiki tatu za kwanza usizipe nafasi hata kidogo. Zabibu bado zimejaa maji na ukungu unazipenda. Kila siku chagua kreti chache, geuza kichala, bonyeza taratibu pale chini punje zinapogusana. Ikiteleza, ikate. Ukiona vumbi la kijivu, ondoa kichala chote, tena usikitikise ndani ya ghala! Wako watengenezaji wanaopenda kuacha ukungu kidogo kwa ajili ya harufu. Mimi simfundishi mtu hilo.

Pima uzito pia. Weka alama kwenye kreti tano, uzipime kila Jumatatu. Kreti yetu namba tatu ilianza na kilo 6, ikaishia 3.9, na hapo ndipo tunapotaka: imepungua kiasi cha theluthi au zaidi kidogo. Kikonyo nacho kitakuambia. Kikiwa kahawia na kukatika kama njiti, umekaribia.

Usiku mmoja kijana alinigongea mlango saa nane: "Shangazi, namba ya nje imepanda." Tulifunga madirisha yote tukiwa bado na viatu vya ndani. Hatukupoteza hata kreti moja.

Hatua ya 5: Kamua na uchachushe

Si kabla ya tarehe 1 Desemba. Kilo 100 mbichi hazipaswi kutoa zaidi ya lita 40. Sukari ni nyingi na pishi ni la baridi, kwa hiyo chachu inafanya kazi polepole, usiiharakishe. Unataka sukari karibu yote igeuke, kilevi kifike angalau asilimia 14. Ikisimama katikati, utabaki na utamu wa Recioto, mvinyo mtamu mkongwe uliomzaa Amarone. Husimuliwa kwamba mwaka 1936 Adelino Lucchese, msimamizi wa pishi la ushirika la Negrar, alikuta pipa la Recioto lililosahaulika likaendelea kuchacha hadi utamu ukaisha. *Amaro* kwa Kiitaliano maana yake ni chungu, si tamu. Jina likatoka hapo.

Makapi usiyatupe. Yamwagie Valpolicella ya kawaida, ichache tena juu yake, upate Ripasso, mvinyo mwingine wa hapa.

Hatua ya 6: Subiri

Miaka miwili, ikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari baada ya mavuno. Amarone inayoitwa Riserva ni minne, kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno. Ile tuliyokausha na kijana bado imo kwenye pipa, na kila akipiga simu anaulizia kreti namba tatu.