Somo: Dakika tano za mwisho kabla mama hajaondoka na dawa ya malaria

Wenzangu wauguzi wa Bukavu, leo tukae na mama aliyekwisha kupewa dawa na yuko njiani kutoka. Mtoto wake ana kilo 16, malaria isiyo kali, ameandikiwa vidonge vya atemetha-lumefantrini vya 20/120, yaani miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini katika kila kidonge.

Hatua ya 1: uzito. Pima mwenyewe, hata kama umeandikwa kwenye karatasi. Kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2 kila mara, mara 6 ndani ya siku 3, jumla 12. Ukikuta imeandikwa 3, usitoe, wala usirekebishe kimyakimya. Mfuate aliyeandika, msome pamoja, mkubaliane, iandikwe upya. Kumuuliza daktari si kumkosea heshima.

Hatua ya 2: dozi ya kwanza imezwe mbele yako, pamoja na kitu chenye mafuta: maziwa, uji wa karanga, hata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Bila mafuta, lumefantrini haiingii vizuri mwilini. Akitapika kabla ya saa moja kwisha, rudia dozi nzima, kisha mwongezee mama vidonge 2 vya kufidia. Hapo tunasahau sana, na mtoto anakwenda nyumbani na dawa pungufu.

Hatua ya 3: saa. Zamani niliandika kwenye pakiti “8h – 20h”, mama akaitikia vizuri. Kesho yake alirudi na mtoto bado anachemka. “8h” aliisoma saa nane, akampa mchana. “Na ile ya ishirini,” akaniambia, “nimeitafuta kwenye saa sikuiona, nikaiacha.” Kosa lilikuwa langu. Nilimwandikia saa ya Kifaransa mtu anayehesabu saa ya Kiswahili.

Tangu siku hiyo nachora. Jua, chini yake viduara viwili. Mwezi, viduara viwili. Mistari mitatu kwa siku tatu. Dozi ya pili peke yake naitajia saa, kwa kuwa inafuata ya kwanza baada ya saa 8: aliyemeza saa nne asubuhi atameza tena saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni.

Hatua ya 4: usiulize “umeelewa?” Atasema ndiyo kwa heshima yako. Sema: “Mama, bibi yake akikuuliza nyumbani dawa hii inamezwaje, utamwonyeshaje?” Mwache atoe vidonge vya jioni, aviweke kiganjani. Akikosea, mimi ndiye niliyeeleza vibaya. Naanza tena kwa maneno mengine.

Mwisho, arudi hata usiku mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke.

MASWALI

Dada wa Kadutu: Yaya, mtoto akicheza siku ya pili, mama anawekea mdogo wake vilivyobaki. Tufanyeje?
Jibu: Muulize kabla hajaondoka: “Homa ikishuka kesho, vilivyobaki utavifanyia nini?” Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Homa hushuka vimelea vikiwa bado damuni, na mdogo ana uzito wake.

Kaka wa Bagira: Asubuhi tuna benchi limejaa. Muda wa haya yote unatoka wapi?
Jibu: Punguza maelezo yako, usipunguze hatua ya 4. Ukimwona mama akihesabu kiganjani, utajua ni nani wa kukaa naye zaidi.

Dada wa Panzi: Na siropu ya parasetamoli?
Jibu: Soma chupa kila mara. Kuna ya miligramu 120 kwa mililita 5, na ya 250 kwa mililita 5. Huyu wa kilo 16, kwa miligramu 15 kwa kilo, anahitaji 240: mililita 10 za ile ya kwanza, lakini chini kidogo ya 5 za hii ya pili. Asipewe tena kabla ya saa 6, wala zaidi ya mara 4 kwa siku. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo mpe sirinji isiyo na sindano, na umchoree mstari wa wino pale siropu inapoishia.