Kuvua na kulala Naivasha: hema mbali na maji, ndoana majini mapema

Watu wengi wakienda Naivasha wanapanda boti, wanapiga picha viboko, wanakula samaki wa kukaanga alafu jioni wako barabarani wanarudi Nairobi. Sikatai, lakini utamu wa lile ziwa uko asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yametulia kama mafuta, na hiyo saa huipati kama hujalala pale.

Kufika si kazi. Nairobi mpaka Naivasha mjini ni kama kilomita 90, unapanda matatu, alafu pale mjini unachukua nyingine ya Moi South Lake Road, ile ya kwenda Kamere, na kambi ziko kando ya hiyo barabara. Beba maji yako ya kunywa, ya ziwa usinywe, pale pamezungukwa na mashamba ya maua. Beba pia blanketi nzito ju Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na baridi ya saa tisa usiku inaingia mpaka kwenye mifupa, hasa kama hujatandika kitu kizito chini, manake baridi kubwa inatoka kwa udongo.

Sasa hema. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mara yangu ya kwanza niliona nyasi fupi nzuri karibu kabisa na maji nikaanza kupiga hema hapo, askari wa usiku akaja akaniambia, "Kijana wangu, hizo nyasi unafikiri nani amezikata?" Ni kiboko. Mchana anakaa majini, giza likiingia anatoka kula, na anarudi kulekule alikotokea kabla ya mapambazuko. Nilihamisha hema nyuma ya ule waya wa stima unaozuia viboko wasiingie kambini na usiku nikamsikia kabisa, krup, krup, anang'oa nyasi palepale nilipokuwa nimeanza kugonga vigingi. Kwa hivyo uliza waya uko wapi na kama unawashwa usiku, lala ndani yake, ukitoka kwenda choo enda na tochi, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, ju akishtuka anakimbilia majini na we uko njiani, na mbio zake huziwezi.

Kabla ya kurusha ndoana pitia ofisi ya BMU (Beach Management Unit, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) pale ufuoni, uulize leseni na uulize kama msimu wa kuvua uko wazi. Usiruke hii hatua, wavuvi wa pale wanaishi na hilo ziwa na wanavumilia sheria zake mwaka mzima.

Samaki utakaempata sana sana ni common carp. Huyu si mwenyeji, aliingia kupitia mto Malewa na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amelijaa ziwa. Tilapia wapo pia, na black bass, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wale wanaovua kwa kujifurahisha. Carp anakula chini, anachimbua tope, kwa hivyo chambo kikae karibu na chini. Mi natumia ugali. Songa mgumu kuliko wa kula, uache upoe, alafu uukande mkononi na unga mbichi kidogo na sukari kidogo mpaka usishike vidole, ukate kitonge kama punje ya hindi, uzungushe kwenye ndoana mpaka ncha tu ionekane kidogo. Ukiwa mlaini unayeyuka kabla haujafika chini na utakaa hapo masaa ukivua na ndoana tupu. Tilapia ye mtafutie nyungunyungu, na ndoana iwe ndogo, mdomo wake ni mdogo.

Boya kata kipande cha patipati kuukuu, kinaelea vizuri sana. Tilapia anadonoa donoa, boya linatetemeka, we ngoja. Carp analivuta polepole kama mtu anayefungua droo, na likizama kabisa ndo unavuta, si kwa nguvu, inua tu fimbo na umwache achoke, ju akiwa mkubwa anakata mshipi.

Nenda na boti ya mtu wa pale, vaa laifu jaketi hata kama yeye havai. Toka kukishapambazuka, kwanzia saa kumi na mbili unusu hivi, si gizani, na uwe umerudi kabla ya saa sita mchana kwa sababu upepo wa mchana unainua mawimbi hujawahi kuyafikiria kwenye ziwa dogo kama lile. Ziwa limepanda sana tangu 2020, kuna migunga mingi imefia ndani ya maji, samaki wanapenda hapo lakini matawi ya chini yanameza ndoana, beba za ziada. Mshipi ukikatika vuta kile unachoweza uweke mfukoni, ndege kama mwari na furukombe wananaswa miguu.

Kupika: carp ana vimiba vidogo vingi vya ndani. Mpare, mtoe matumbo, alafu umchanje chanje pande zote mbili, mistari ya karibu karibu sana, kina mpaka ukaribie uti, umpake chumvi na limau umwache nusu saa ili harufu ya tope itoke. Mafuta yawe moto kweli. Vile vimiba vinakauka na unavitafuna bila kuvisikia.

Wa kupeleka nyumbani watoe matumbo hapohapo, chumvi tumboni, uwapange kwenye ndoo yenye kifuniko na barafu. Mifuko ya plastiki usibebe, imepigwa marufuku tangu 2017.