Unataka kushindana kulenga visahani? Usianzie dukani

Huu ni mchezo wa kupiga kwa bunduki ya marisau, yaani vipunje vingi vya risasi vinavyotawanyika, visahani vinavyorushwa hewani na mashine. Watu wengi wakiuwaza wanawaza bunduki kwanza, ipi nzuri, ipi bei gani, wakati bunduki ndo kitu cha mwisho kununua. Tafuta klabu yenye kiwanja na kocha, azima ya kwao, fuata taratibu za leseni za nchi yako, na somo la kwanza ni kutembea na bunduki ikiwa imefunguliwa na tupu mpaka usimame kwenye kituo chako na zamu iwe yako. Hapo hakuna utani, ukizingua wanakutoa na wana haki.

Halafu pima macho. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ubakize kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Lile ambalo likibaki peke yake bado unakiona kitu, hilo ndo linaloongoza. Sasa kama unalengea bega la kulia na jicho linaloongoza ni la kushoto utakosa visahani hadi uchoke na utalaumu risasi bure. Wengine wanabandika kipande cha selotepu kwenye lenzi ya miwani, inasaidia, ila kama ndo kwanza unaanza mimi nasema hamia bega la kushoto tu, utasumbuka mwanzoni yatapita.

Baada ya hapo chagua kati ya aina mbili za mchezo huu, trapu au skiti, usishike zote. Trapu mnasimama mstari wa vituo vitano, mashine ziko kwenye handaki mita 15 mbele yenu, kisahani kinakimbia kwenda mbali na hujui kitakata kushoto, kulia au kitanyooka, ila unaruhusiwa kuweka bunduki begani kabla hujaita kisahani kirushwe na kwenye raundi za mchujo una risasi mbili kwa kila kimoja. Skiti vituo ni vinane, visahani vinatoka nyumba mbili, ya juu na ya chini, njia yake unaijua kabisa lakini kitako cha bunduki lazima kikae usawa wa nyonga mpaka kisahani kitokee, na ukishaita kinaweza kuchelewa hadi sekunde 3. Mwenye papara skiti itamtesa. Kisahani chenyewe kina upana wa milimita 110 hivi, na lazima kimeguke kipande kinachoonekana, likitoka vumbi tu refa anahesabu umekosa, usibishane naye.

Kazi kubwa inafanyika nyumbani na haili hata risasi moja. Bunduki hii haina kitu cha kulengea cha nyuma, jicho lako ndo linafanya kazi hiyo, kwa hiyo shavu lisipotua palepale kila mara marisau yanaenda kwingine. Hakikisha ni tupu, angalia tena, simama mbele ya kioo, ipandishe begani taratibu, shavu ligonge kitako sehemu ileile, shusha, rudia. Kila siku kidogo. Uwanjani macho yakae kwenye kisahani, ukichungulia mtutu tu mkono unasimama, na mkono ukisimama umepiga nyuma yake maana hadi marisau yafike kisahani kimeshasogea zaidi ya mita moja.

Mashindano makubwa mchujo ni visahani 125, raundi tano za 25, mara nyingi zinagawanywa siku mbili. Hapo kipaji hakitoshi, unahitaji mpangilio usiobadilika: pakia, pumua, macho yaende sehemu ileile, ita. Ukikosa, mpangilio ni uleule, usiongeze kitu wala usianze kupiga hesabu ya alama.

Tuje kwenye hela maana hapa ndo wengi wanaachia. Trapu raundi moja inaweza kula risasi 50, zidisha kwa wiki nzima ya mazoezi halafu ongeza ada ya kiwanja na safari. Wachache sana wanaishi kwa zawadi. Italia wengi wameajiriwa kwenye vikosi vya michezo vya polisi na jeshi, Vincent Hancock wa Marekani, mwenye dhahabu nne za Olimpiki za skiti, alipitia jeshini. Wewe shika kazi nyingine inayokupa muda, udhamini uje baadae.

Na umri usikutishe. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alichukua shaba ya skiti Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 57. Adriana Ruano alikuwa mwanajimnastiki, mgongo ukamwumiza akahamia trapu, Paris 2024 akaipa Guatemala dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Kitu kimoja kinaumiza watu: nafasi nyingi za Olimpiki zinakuwa mali ya nchi, sio ya aliyezipata, kwa hiyo unaweza kuipigania nafasi kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, halafu akapelekwa mwenzako. Kabla msimu haujaanza nenda shirikisho la nchi yako uwaombe vigezo vya uteuzi kwa maandishi, mashindano gani yanahesabiwa na alama ngapi, ndo upange safari zako kwa kufuata karatasi hiyo.